Sura ya Tano: Macho Yote Mlangoni

"Hakuwa mgeni wetu," alisema meneja, na hiyo ilikuwa mara ya tatu anasema hivyo tangu Inspekta Swabaha Taib aingie pale.

Swabaha alikuwa amechutama ukingoni mwa bwawa la kuogelea la hoteli ya Ras Zumaridi, huko Kizingo, akiyatazama maji. Yalikuwa safi ajabu, na harufu ya dawa yake ikichoma pua. Jana alasiri ndani ya maji haya alikufa Fadhiya, binti wa Mzee Abdulhadi wa Kuze, mwalimu wa chekechea, wiki ile ile ambayo mdogo wake anaolewa. Kufikia leo asubuhi Mji wa Kale mzima ulikuwa unanong'ona kwamba amekufa akiogelea hotelini na wanaume. Wanong'onaji hawakosi, na maiti hawezi kujitetea. Ukitaka kumsema mtu kwa raha, mngojee afe.

"Bi Emmah," alisema Swabaha akiinuka, "nimesikia kwamba hakuwa mgeni wenu. Mimi nauliza alikufaje."

"Aliingia bila ruhusa, akaenda majini, na kuogelea hajui. Ndiyo hivyo tu, Inspekta." Emmah Awino alikuwa mama mtanashati, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutuliza wageni. "Hujui taabu tunayopata na watu wa nje. Wanaruka ukuta, wanapitia jikoni, wanajifanya wamekuja kunywa soda. Ukigeuka wamo ndani ya bwawa na watoto wao. Wageni waliolipa wanakosa hata kiti. Ndiyo maana tukaleta bendi."

Akanyoosha mkono kuonyesha ukanda mwembamba wa plastiki wa rangi ya kijani uliofungwa kwa kifungo.

"Kila mgeni anavishwa. Rangi hubadilika kila siku. Leo kijani, jana zambarau. Huna bendi, huingii. Na yule binti hakuwa nayo."

"Nani aliyemkuta?"

"Joab, wa hapa bwawani. Alimtoa, akambonyeza kifua, lakini alikuwa ameshakwisha."

"Majini kulikuwa na nani mwingine?"

"Hapakuwa na mtu. Ilikuwa wakati wa chai, wageni wote walikuwa juu barazani."

Jibu lilikuja upesi mno, kabla swali halijapoa. Swabaha akaliweka kando.

Konstebo Kenneth, msaidizi wake, alikuwa ametandaza vitu vya marehemu juu ya meza. Buibui lilikuwa limegeuka ndani nje, na kifungo chake cha shingoni kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha kitambaa. Pembeni yake palikuwa na kiatu kimoja kilicholowa.

"Cha pili?" aliuliza Swabaha.

"Cha pili alikuwa nacho mguuni, afande. Hiki kilitolewa chini ya maji, pale katikati."

"Buibui limeokotwa hivi hivi? Hakuna aliyeligeuza?"

"Hivi hivi, hapa ukingoni."

Swabaha alilitazama sana. Mwanamke anayevua buibui ili aoge hulikunja, hata kama ana haraka, maana atalivaa tena. Hili lilikuwa limevuliwa kama mtu anayevua nguo iliyoshika moto. Tena mtu anayekwenda kuogelea haendi na viatu vyake.

"Labda alisukumwa," Kenneth alisema kwa sauti ya chini. "Zile alama za shingoni."

Alama za shingoni ndizo zilizowaleta. Daktari aliandika kwamba binti amekufa maji, lakini akaongeza kwamba shingo na mabega yake yana mikwaruzo mibichi ya kucha. Mkuu wao alipoisoma ripoti hiyo akataka maiti ipasuliwe. Mzee Abdulhadi, mwenye duka la vitambaa Biashara Street, alikwenda kituoni mwenyewe alfajiri, akasimama mbele ya kaunta na kusihi mwanawe asikatwe. Basi mkuu akatoa muda mpaka sala ya alasiri. Swabaha akishindwa kusema ni kucha za nani, Fadhiya angetolewa nyumbani kwao, akiwa ameshaoshwa na mamake, na kurudishwa mochari.

"Kamera zenu zinaangalia wapi?" Swabaha alimuuliza meneja.

"Zipo nne. Geti kubwa, mlango wa jikoni, ukuta wa upande wa bahari, na meza ya bendi."

"Na inayoangalia maji?"

"Maji hayaibwi, Inspekta."

"Binti anaonekana akiingia?"

"Kwa geti kubwa. Aliwaambia walinzi anakwenda kuona ukumbi wa harusi. Wote husema hivyo. Ukumbi ni wa familia yao kweli, wameukodi kwa kesho kutwa, lakini angetuambia nini kingine?"

"Nataka kuuona."

"Umefungwa. Msimamizi ana ufunguo, na zamu yake ni mchana."

Swabaha akasema atarudi. Alipouacha ule ukingo aligeuka kutazama nyuma. Kati ya bwawa na meza ya bendi palikuwa na ua mrefu wa majani, uliopandwa makusudi ili mpita njia asichungulie. Ukisimama mlangoni huoni hata tone la maji.

Joab alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mbele yake makasha mawili. La kwanza lilikuwa na bendi za watu wazima, pana na tupu. La pili lilikuwa na za watoto, nyembamba, zilizochorwa kisamaki. Mwenyewe alikuwa mtu wa miraba minne aliyevaa fulana ya manjano, na mgongoni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba yeye ni mwokoaji.

"Ulikuwa unamjua marehemu?" Kenneth alimwanza.

"Hapana, afande."

"Mjini wanasema alikuwa na rafiki hapa hotelini. Mtu wa kumfungulia mlango."

"Mjini wanasema." Joab aliinamisha kichwa. "Mimi sikumjua. Nilimwona mara moja tu, na alikuwa chini ya maji."

"Nionyeshe mikono," alisema Swabaha.

Akaileta. Kucha zake zilikuwa zimetafunwa hadi kwenye nyama, na si kwa kutafunwa leo. Kwa kucha zile asingekwaruza hata papai bivu. Swabaha alimrudishia mikono yake, na Kenneth akafunga daftari kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Jana alipozama ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapa."

"Hapa mezani?"

"Hapa, mama."

"Na fulana yako inasema kazi yako nini?"

Joab alitazama juu ya bega la Swabaha, kule alikosimama Bi Emmah akijifanya anapanga viti.

"Nina watoto, afande," alisema hatimaye.

"Hata marehemu ana wazazi. Nitarudi mchana. Fikiri."

*

Nyumba ya Mzee Abdulhadi iko ndani ndani ya Kuze, katika kichochoro ambacho gari halifiki. Swabaha alikulia mtaa wa pili tu kutoka pale, na alijua tanzia ya watu wa huku ilivyo. Kwa kawaida angekuta mikeka imetandikwa hadi nje, wanaume wamekaa, kahawa inazunguka. Leo alikuta daka la mbele ya nyumba tupu, na juu yake mzee mmoja peke yake, kofia mkononi.

"Assalaam alaykum, ami."

"Wa alaykumu ssalaam, binti Taib. Umekuja kumtwaa?"

"La, ami. Muda bado upo. Mbona hapana watu?"

"Sikutangaza msikitini." Mzee alikuwa anaongea na ile kofia. "Nitamzika na nduguze wawili watatu. Tutapita kichochoro cha nyuma, tusionane na mtu. Niwaambieje watu, binti Taib? Ndooni mumsindikize mwanangu, alikwenda kuoga na wanaume?"

"Hakuna aliyethibitisha hilo."

"Hakuna aliyelikanusha."

Swabaha alivua viatu na kuingia. Kenneth akabaki nje, akasimama mbali kidogo na mzee kwa heshima. Ndani kulikuwa na harufu ya udi na wanawake wachache mno. Areej, bibi harusi, alikuwa amejikunyata pembeni, mikono yake iliyotiwa hina ikiwa imefunika uso. Mama yao, Bi Ummulkheir, alikaa kichwani pa maiti. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu aliyelia mpaka akamaliza.

Swabaha alimwamkia, akampa mkono wa tanzia, na kuomba ruhusa ya kumtazama Fadhiya. Mama akafunua mwenyewe. Mikwaruzo ilikuwa pale daktari alipoiandika, mingi, myembamba, imepitana huku na huku kutoka masikioni hadi mabegani. Lakini Swabaha hakukaa sana hapo. Alikuwa ametazama mikono, kisha akageuka kutazama ya Areej. Maua yalikuwa yale yale, ya mtiaji mmoja. Ya Areej yalikuwa yameiva mekundu ya kukolea. Ya Fadhiya yalikuwa yamefifia, rangi ya chungwa hafifu.

"Mama, hina hii mliitia lini?"

"Juzi usiku. Wote wawili pamoja." Bi Ummulkheir aliugusa ule mkono. "Nalimwambia, mwanangu, usitie maji, iwache ishike. Jana hata chakula cha mchana alikula kwa kijiko. Alikuwa akijicheka mwenyewe, asema, leo mimi ni mzungu."

"Alikuwa yuwajua kuogelea?"

"Fadhiya? Alikuwa haingii baharini hata kufika magotini."

Swabaha alikaa chini kwenye mkeka. Sasa alikuwa na kitu mkononi, na alikisema wazi ili wote wasikie.

"Basi sikilizeni. Mwanamke aliyetiwa hina juzi usiku, anayekula kwa kijiko ili isiharibike, na harusi ya mdogo wake ni kesho kutwa, haendi kujitia kwenye maji ya dawa kwa starehe. Hakuna mwanamke wa mji huu atakayefanya hivyo. Fadhiya hakwenda kuogelea."

Areej aliinua uso. Wanawake walitazamana. Lakini mama, ambaye ndiye aliyepaswa kupata afueni kuliko wote, aliinama zaidi, na mkono wake ukaenda kwenye pindo la leso alilofunga kiunoni, ukalishika kwa nguvu.

"Mama," Swabaha alisema polepole, "umefunga nini hapo?"

"Si kitu."

"Baba yuko nje anangoja kumzika mwanawe kwa kificho. Kama una kitu, nipe mimi kabla ya mtu mwingine."

Bi Ummulkheir alilifungua lile pindo, na katika kiganja chake mlikuwa na bendi ya zambarau, kifungo chake kimeng'oka.

"Nalipomvua bangili ili tumuoshe, ilikuwa imenasa katikati yazo, ndani ya mkono wa gauni," alisema, na machozi aliyodhani yamekwisha yakaja. "Hao wa hoteli wasema hakuwa na bendi. Alikuwa nayo, Swabaha. Mtu alimlipia. Mwanangu alinidanganya, aliniambia yuwaenda dukani kwa babake kutwaa vitambaa. Ningempa babake aione? Nalisema nitazikwa nayo."

Swabaha aliipokea. Alijaribu kuizungusha kwenye mkono wake, na ncha mbili hazikukutana. Akavuta, zikabaki mbali, vidole viwili katikati. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Zambarau yake ilikuwa imechorwa kisamaki.

"Lete mkono wako, mama." Mkono wa Bi Ummulkheir ulikuwa mdogo kama wa msichana. Hata huo bendi haikuuzunguka.

"Imekuwaje?"

"Hii si yake. Hii ni bendi ya mtoto mdogo, labda wa miaka mitatu, minne. Fadhiya alimshika mkono, bendi ikang'oka, ikanasa kwenye bangili zake." Swabaha aliigusa mikwaruzo ya shingoni bila kubonyeza. "Na hizi ni kucha za mtoto anayezama. Akipata mtu humpanda."

Bi Ummulkheir alimtazama mwanawe, kisha Swabaha, kisha mwanawe tena.

"Majini mulikuwa na mtoto," alisema.

"Walisema hapakuwa na mtu," alijibu Swabaha, na hasira aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi ikamjaa kifuani.

*

Mchana ule msimamizi aliwafungulia ukumbi. Upande mmoja wote ulikuwa madirisha ya vioo, na nje ya vioo, karibu kabisa, bwawa. Chini ya dirisha la kati palikuwa na stuli. Kwenye fimbo ya pazia ilining'inia futi ya fundi cherehani, imebanwa kwa pini, na juu ya kizingiti cha dirisha kulikuwa na furushi la vitambaa kutoka dukani kwa Mzee Abdulhadi, Biashara Street.

Kenneth aliitazama futi. "Alikuwa anapima nini?"

"Mapazia. Harusi ya wanawake, Kenneth. Watavua mabuibui humu, na waogeleaji wako pale nje. Alikuja kupima mapazia ili mdogo wake asionekane na wanaume."

Swabaha alipanda juu ya stuli. Kutoka pale bwawa zima lilikuwa chini ya macho yake, kina kirefu na kina kifupi, ngazi na vigae. Mlango wa kioo wa kutokea bwawani ulikuwa hatua chache tu upande wa kulia, na kitasa chake kilikuwa bado kimelegea, kama kilichovutwa kwa nguvu. Hoteli nzima ilikuwa inatazama milango. Mtu mmoja tu alikuwa anatazama maji, na huyo hakuwa na bendi.

Walipogeuka, Joab alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa ameivua ile fulana na kuishika mkononi.

"Nimefikiri," alisema.

"Haya."

"Tangu mwezi uliopita sisi wa bwawani tumewekwa mlangoni. Meneja alisema watu wa nje wamezidi, kazi ya kwanza ni bendi. Nikamuuliza, na majini nani? Akasema, wazazi wao wapo." Alimeza mate. "Jana nilisikia mtoto akilia. Watoto hulia pale siku nzima, afande, wakicheza. Nilikuwa nabishana na familia moja iliyotaka kuingia. Kilio kikakatika. Ndipo nikakimbia."

"Ukakuta nini?"

"Mtoto wa kike amekaa juu ya ngazi, anatapika maji. Na chini ya ngazi, yule dada, mikono yake bado iko juu hivi." Aliinyanyua mikono yake mikubwa. "Kuogelea alikuwa hajui. Naona alitembea. Kiatu kimoja kilibaki katikati. Alitembea chini, amemshika yule mtoto juu, mpaka ngazini. Mtoto akapanda. Yeye hakuwa na pumzi tena."

Kenneth alikuwa ameacha kuandika.

"Wazazi wa yule mtoto wako wapi?" aliuliza Swabaha.

"Walikuwa juu, kwenye chai. Meneja aliwahamishia hoteli nyingine usiku ule ule, wangoje huko ndege ya kurudi kwao. Walitaka kwenda kwa mama wa yule dada. Aliwaambia familia haitaki kuona mtu." Joab aliiweka fulana juu ya stuli. "Sisi akatuambia tuseme bwawa lilikuwa tupu."

Bi Emmah alikutwa kwenye baraza, na safari hii hakurudia maneno yake. Alimsikiliza Swabaha mpaka mwisho, akiizungusha bendi ya kijani kwenye mkono wake.

"Mimi nilikuwa na hoteli ya kulinda, Inspekta."

"Ulilinda mlango," alisema Swabaha. "Kenneth, chukua maelezo yake. Yote, na jina la ile hoteli nyingine. Kisha unifuate Kuze na gari."

*

Swabaha aliingia Kuze adhana ya alasiri ikiwa karibu. Mzee Abdulhadi alikuwa pale pale, na ndugu zake wawili walikuwa wamesimama na jeneza tupu, wameliegemeza ukutani kwa upande wa kichochoro cha nyuma. Swabaha alikaa kando yake juu ya daka, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya, akamweleza kila kitu taratibu. Alimweleza habari za futi, hina, bendi, na kiatu kilichobaki katikati. Mwishoni mzee aliuliza swali moja.

"Mtoto yuhai?"

"Yuhai, ami. Mkuu wangu ameshasikia. Hapana wa kumgusa Fadhiya tena."

Mzee aliitia kofia yake kichwani, akaiweka sawa kwa mikono miwili. Alipoinuka, nduguye alitaka kumshika, akakataa.

"Nenda msikitini," alimwambia yule ndugu. "Waambie watangaze. Na watangaze amekufaje. Na hilo jeneza litoeni hapo. Hatupiti nyuma. Mwanangu atapita Biashara Street, mbele ya duka la babake."

Tangazo lilipotoka kwenye kipaza sauti, vichochoro vilianza kujaa. Walikuja waliokuwa wamenyamaza, walikuja pia waliokuwa wamenong'ona, na Swabaha aliwajua wengine kwa majina, akawatazama mpaka wakainamisha macho. Jeneza lilipoinuliwa lilikuwa na mabega mengi kuliko nafasi. Wanaume wakaenda nalo, na sauti ya kalima ikapinda kona pamoja nao.

Wanawake walibaki mlangoni. Bi Ummulkheir aliegemea mwimo wa mlango, mkono kwenye pindo la leso ambalo sasa lilikuwa tupu.

"Ile bendi siwezi kukurudishia, mama," Swabaha alimwambia. "Itakwenda kortini."

"Sitaki bendi. Huyo mtoto yuwaitwaje?"

"Sijui bado. Ni wageni, wataondoka kwa ndege."

"Basi mtafute kabla hajapanda ndege. Waambie wazazi wake nani aliyesema hatutaki kuwaona." Alizungumza kwa utulivu, akitazama kule jeneza lilikopotelea. "Waambie simlaumu mtoto wao. Nataka tu kuushika ule mkono alioushika mwanangu."

Swabaha alishuka kichochoro hadi barabarani, ambako Kenneth alikuwa anamngoja na gari, jina la hoteli limeandikwa kwenye kiganja chake. Alikuwa ameshapiga simu huko. Ile familia ilikuwa imeondoka muda mfupi tu kabla ya simu yake kwenda uwanja wa ndege, na Swabaha alifunga mlango akamwambia asingoje kufunga mikanda, aendeshe.